Nyumba ya kale inasema nini kuhusu waliokaa humo? Tuelewane kwanza kabla ya kubishana

Kila habari za Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani pale Zanzibar, zikirudi mitandaoni kuna ubishi mmoja huwa unarudi nao. Tangu ile tarehe 25 Desemba 2020, upande mmoja wa jengo ulipoporomoka pale Forodhani na watu 2 wakapoteza maisha, ukitaja tu ukarabati watu wanagawanyika. Mmoja anasema ile nyumba ya sultani, nyumba ya Waarabu, sisi inatuhusu nini. Mwingine anasema hapana, hiyo ni fahari yetu Waswahili. Wa tatu anakwambia kila jiwe pale limebebwa na mtumwa, liacheni lianguke. Alafu anatokea wa nne anauliza kwa nia njema kabisa, hivi nyumba tupu, kuta na milango, itatuambia nini ambacho hatujasikia bado?

Hilo swali la nne ndo limenifanya niandike, maana ukilijibu vizuri yale mengine matatu yanapoa yenyewe. Nyumba inasema mengi sana, ila inasema kwa lugha yake, na shida ya lugha yake ni kwamba inamsema zaidi yule aliyekuwa na pesa ya kujenga. Waliobaki inabidi uwatafute, kwenye ngazi za nyuma, ghorofa ya chini, jikoni. Wapo, ila usipojua pa kuangalia unatoka umemuona mwenye nyumba peke yake na unadhani umeona historia.

Tuanze na maneno, maana nusu ya ubishi ni watu kutumia neno moja kila mtu na maana yake.

Nyumba ya kihistoria sio lazima iwe ya mtu mkubwa, na sio kila nyumba kuukuu ni ya kihistoria. Ni nyumba ambayo mwili wake wenyewe, yani kuta, ngazi, vyumba, mpaka choo, bado umebeba ushahidi wa namna watu walivyoishi, watu ambao hatunao tena tukawauliza. Makumbusho ni kitu kingine. Makumbusho kuna mtu kachagua vitu akavipanga ili uvione. Fikiria simu ya mtu: picha ya profaili ameiweka ili wewe uione, lakini ukipewa simu yenyewe mkononi, ukaona nani anapigiwa usiku, nani kablokiwa, kioo kimepasuka upande gani, hapo ndo unamjua. Makumbusho ni profaili, nyumba ni simu yenyewe. Ndo maana hata nyumba isiyo na kitu ndani bado inasomeka.

Na ukarabati sio sawa na uhifadhi. Ukarabati lengo lake nyumba itumike, isivuje, isianguke. Uhifadhi lengo lake ule ushahidi usipotee wakati unazuia isivuje. Unaweza kukarabati nyumba vizuri sana ikapendeza na ukawa umefuta kila kitu ilichokuwa inasema. Hili nitalirudia chini.

Vyumba vyembamba na miti ya mikoko

Kitu cha kwanza ambacho mtu akiingia nyumba za mawe za pwani analalamika ni kwamba vyumba virefu lakini vyembamba, kama behewa. Wengi wanadhani ni mtindo tu, au watu wa zamani walikuwa hawapendi nafasi. Sababu ipo juu ya kichwa chako. Angalia dari. Ile miti iliyopangwa ndo boriti, miti ya mikoko, na boriti inabeba dari nzito ya mawe na chokaa, kwahiyo haiwezi kuvuka nafasi kubwa bila kupinda. Upana wa chumba ukawa unaamuliwa na mti, kama mita 2 na nusu hadi 3, basi. Tajiri na asiye tajiri sana wote walikuwa na upana huo huo, tajiri aliongeza urefu, idadi ya vyumba na ghorofa.

Sasa sikiliza hii, maana hapa ndo historia ya pamoja inapoanzia. Boriti hizo hizo kutoka Lamu na Rufiji zilikuwa zinapakiwa kwenye majahazi zinapelekwa Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, kule ambako miti ya kujengea ni shida. Ukienda kwenye nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain utakuta vyumba vyembamba vya upana unaokaribiana na wa kwetu, kwasababu ni mti ule ule umeamua. Kwahiyo mtu akisema nyumba zetu zimeiga Uarabuni, inabidi umuulize, na dari za Uarabuni zilikuwa zinatoka wapi?

Kuta nazo ni bahari. Kuna matumbawe ya nchi kavu, mawe magumu yenye matundu, hayo ndo ya ukuta mkubwa. Na kuna matumbawe laini yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi, ukiyachonga ni kama unachonga sabuni, yakikauka yanakuwa magumu, hayo yalikuwa ya mihirabu, fremu na nakshi. Chokaa nayo inatokana na matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri la magogo. Yani nyumba nzima, toa mlango tu, imetoka mikokoni na baharini.

Twende ndani, polepole

Chukua nyumba ya mawe ya Lamu ya karne ya 18. Zipo nyingi bado katika mji wa kale, na moja imefanywa makumbusho, unaingia unaona kwa macho yako. Kwa nje hamna kitu. Ukuta mtupu, mrefu, madirisha ya kueleweka upande wa njiani hamna, mgeni anapita anadhani ni nyuma ya ghala. Alafu unafika mlangoni unakuta daka, yani kibaraza kilichoingia ndani kidogo chenye viti vya mawe kushoto na kulia. Hapo ndo mwenye nyumba alikuwa anakaa na wanaume wenzake baada ya sala. Biashara zinaongelewa hapo, habari za vyombo vinavyokuja, posa, ugomvi wa mashamba. Mtu angeweza kuwa rafiki yako miaka 20 na hajawahi kuvuka daka, na wala sio kwamba unamdharau.

(Na angalia neno baraza lenyewe. Lilikuwa kiti cha mawe mbele ya nyumba, watu wakikaa hapo kushauriana, leo tuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi, baraza la ardhi la kata. Serikali nzima imeazima jina kwenye kiti cha mlangoni.)

Ukivuka mlango hujafika bado. Unaingia tekani, sehemu ndogo ya kupitia ambayo imepangwa makusudi ili aliyeko nje, hata mlango ukiwa wazi, asione ndani. Unatokea kiwanda, ambacho hapa maana yake ni uwanja wa ndani usio na paa, ndo mwanga na hewa vinapoingilia. Kutoka kiwanda unapanda kidogo unaingia msana wa tini, kisha msana wa yuu, tini na yuu kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, ni chini na juu. Hivyo ni vyumba virefu vimepangana kama mistari ya daftari, kila ukisogea ndani sakafu inapanda. Alafu kuna ndani. Ndo jina lake kabisa, chumba kinaitwa ndani, cha mama mwenye nyumba.

Na humo ndani ndo unakuta kazi yenyewe. Ukuta mzima wa zidaka, vijishubaka vidogo vidogo vilivyopangwa safu juu ya safu, kila kimoja kimechongwa fremu yake ya chokaa kwa kisu, na kwenye hivyo vijishubaka zilikuwa zinawekwa sahani na bakuli za kaure kutoka China na vitu vingine vya thamani. Watu waliamini husda au jicho baya likiingia, sahani ndo inapasuka badala ya mtu. Sasa simama hapo ufikirie. Sisi leo tunapamba sebule, kwa ajili ya mgeni, alafu chumbani tunalala na maboksi. Hawa walifanya kinyume, nje hamna kitu na kila hatua ya kwenda ndani mapambo yanaongezeka, mpaka chumba ambacho mgeni hakanyagi ndo kizuri kuliko vyote. Hiyo peke yake inakuambia walimjengea nani.

Nyuma kabisa ya ndani kuna nyumba kati. Wanawake walijifungulia humo, na maiti ilioshwa humo. Chumba kile kile. Sina la kuongeza hapo.

Nikuonyeshe kitu kidogo ambacho mimi nakipenda kuliko milango yote ya nakshi. Kwenye choo kuna birika, tangi la maji la kujengea, na chini kabisa ya birika, kwenye sakafu yake, wamepachika bakuli la kaure la China, limekaa humo kwenye chokaa. Kwanini bakuli zuri liwekwe chini ya maji ya kuogea? Kwasababu ndani ya birika walikuwa wanafuga samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Maji yakitumika yakaisha, lile bakuli linabaki na maji kidogo, samaki hafi mpaka birika lijazwe tena. Hiyo ni kinga ya mbu, uchumi wa bahari ya Hindi na akili ya fundi, vyote kwenye tundu moja la choo. Hamna kitabu cha wafalme kitakachokuambia hilo.

Na sabule je? Sabule ni chumba cha wageni, na mara nyingi kina ngazi yake yenyewe, mgeni anapanda bila kupita kwa wenye nyumba. Ukiuliza kwanini mgeni ajengewe ngazi nzima, jibu ni upepo. Majahazi yalikuja na kaskazi, kuanzia kama Desemba, na hayarudi mpaka kusi ianze kuvuma kama Aprili. Mfanyabiashara kutoka Hadhramaut kule Yemen au Oman hakuwa mgeni wa siku 2, alikuwa mgeni wa miezi. Huwezi kumlaza mtu barazani miezi, na huwezi kumpitisha kila siku mbele ya mabinti zako, kwahiyo unamjengea ngazi. Upepo wa bahari umeingia mpaka kwenye ramani ya nyumba.

Kwahiyo wanawake walikuwa wamefungiwa?

Hili nalisikia sana, kwamba nyumba hizi ni ushahidi kuwa mwanamke alifungiwa ndani hana chake. Nusu ni kweli. Mwanamke wa kiungwana hakutakiwa kuonekana njiani mchana ovyo, na ukuta usio na dirisha unasema hivyo wazi wazi. Lakini kuna nusu ya pili ambayo watu hawaijui. Katika miji kama Lamu, binti akiolewa baba ndo alikuwa anampa nyumba, au anamjengea ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, na mume ndo anahamia kwake. Nyumba ni mali ya mwanamke. Ndo maana nyumba zinaota ghorofa juu ya ghorofa, ni mabinti wanaolewa. Na ndo maana kuna wikio, zile daraja zinazovuka juu ya njia kuunganisha nyumba 2, ukipita chini unaona kama kichochoro kimewekewa paa. Dada yuko huku, dada yuko kule, wanatembeleana kupitia juu bila kushuka njiani. Mume wakati huo yuko daka, yuko msikitini, yuko baharini, na nyumba anayolala ni ya ukoo wa mke wake. Sasa hapo nani mgeni?

Siwezi kusema hiyo inafuta ule ukali wa kufichwa. Haifuti. Ila kusema hakuwa na chochote nayo sio kweli.

Wasioonekana

Tupande juu kabisa. Jiko kwenye nyumba nyingi za Lamu liko juu, kwenye paa, wanaita kidari cha meko, moshi unapotea na upepo na nyumba haichafuki. Vizuri. Sasa maji yako kisimani chini, kuni zimekuja kutoka nje, chakula kinapikwa juu, kinaliwa kati. Nani alikuwa anapanda na kushuka? Mwanamke wa kiungwana ambaye mikono yake imepakwa hina hakupandisha mtungi. Walipandisha watumwa, na hasa wanawake watumwa. Kwenye nyumba za ghorofa familia ilikaa juu, chini zilikuwa stoo na sehemu za watumwa, na ukishuka huko chini utaona kuta zimepakwa chokaa basi, kidaka hamna, nakshi hamna. Ukuta ulionyimwa nakshi nao unaongea. Unasema waliolala hapa hakuna aliyefikiria jicho baya linaweza kuwafanya nini.

Utumwa kisheria ulifutwa Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, na hata pale Zanzibar sheria ya 1897 iliwaacha masuria nje mpaka 1909. Kwanini masuria waachwe? Kwasababu walikuwa ndani ya nyumba, wamezaa na wenye nyumba, na watawala wa Kiingereza wakaona wakigusa hapo wamegusa familia zenyewe. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said aliyezaliwa mwaka 1844 kule Beit al-Mtoni, mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi, watu wa kule Kaukasia. Yeye binti wa mfalme, mama yake kaletwa kwa kununuliwa, wote wanalala jumba moja. Kwahiyo mtu akiniuliza ile nyumba ni ya mabwana au ya watumwa namwambia ni swali lisilogawanyika hivo. Walikuwa humo humo, wengine damu moja, na ngazi ndo ilikuwa inawatenganisha.

Alafu kuna wale ambao nyumba zao hazipo kabisa. Watu wengi wa pwani hawakukaa nyumba za mawe, walikaa nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, zile za ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, baraza mbele. Kujenga kwa mawe ilikuwa kama cheti cha kuwa muungwana, sio pesa tu. Nyumba ya udongo usipoipaka miaka michache inarudi ardhini. Ndo maana Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, lakini Ng'ambo, ambako ndo walikaa wengi wa watu wa mji wa Zanzibar, inabomolewa kila siku na hamna anayelia. Kilichobaki tukakiita ndo kilichokuwepo. Sio hivyo.

Waarabu au sisi?

Turudi kwenye ule ubishi wa mwanzo. Nenda Shanga, kisiwa cha Pate. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale, na chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine ya kabla yake, mmoja chini ya mwingine, mpaka vijimsikiti vidogo vya miti vya karne ya 8. Palepale, sehemu ile ile. Mtu aliyekuja na meli akajenga mji wa mawe mara moja haachi alama kama hiyo. Hiyo ni alama ya watu wanaokaa mahali, wanakua, wanasilimu, wanapanua, wanajifunza kujenga kwa mawe ya pwani yao. Alafu mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa miji ya kale ya pwani kama Manda, Mtwapa na Kilwa, ukaonyesha mchanganyiko ulioanza kama mwaka 1000 hivi, upande wa kina mama kwa wingi Afrika, upande wa kina baba kwa wingi Uajemi. Kwahiyo anayesema hakuna mgeni aliyetia mkono amekosea, na anayesema wenyeji hawakujenga amekosea zaidi. Ukiunganisha na ile habari ya mume kuhamia nyumba ya mke utaona picha inaanza kukaa. Mimi naiona hivyo, na sijui kama kuna njia rahisi zaidi ya kuielewa.

Tahadhari moja hapa, vitu sio watu. Gedi, magofu ya mji wa kale kule Kilifi, mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948 nyumba alizipa majina kutokana na alichookota ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Watu wanasoma kibao wanasema kumbe hapa aliishi Mchina. Hapana. Simu yako imetengenezwa China, na wewe umezaliwa Handeni. Sarafu inakuambia biashara ilifika mpaka wapi, haikuambii nani alikuwa analala humo.

Milango nayo ina stori zake. Ile kwamba misumari ya shaba yenye ncha ni ya kuzuia tembo: kule India, ambako mtindo umetoka, misumari ya namna hiyo iliwekwa kweli kwa ajili ya tembo wa vita, lakini Zanzibar hamna tembo wa kuvunja mlango, pale ilibaki urembo na kuonyesha uwezo. Ile kwamba mnyororo uliochongwa kwenye fremu maana yake humu alikaa muuza watumwa, watalii wanaambiwa sana, ila maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba mnyororo ni alama ya ulinzi wa nyumba. Na usitumie mlango kujua umri wa nyumba. Mlango unang'oka, unauzwa, unahama. Nyumba ya 1950 inaweza kuwa na mlango wa 1880.

Tukirudi Forodhani

Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash. Ukishaijua nyumba ya Lamu ndo unaelewa kwanini watu waliiita nyumba ya maajabu hata kabla hujafika kwenye umeme na lifti. Nyumba za Waomani pale mjini zimejifunga, uso mtupu, uzuri uko uani. Za wafanyabiashara wa Kigujarati zimegeuka kuangalia barabara, duka chini, roshani za mbao juu. Barghash akaja na jumba lenye varanda pana pande zote, nguzo za chuma, linaangalia bahari waziwazi kama linasema nitazameni. Huyu mtu alishapelekwa uhamishoni Bombay baada ya jaribio la kumpindua kaka yake mwaka 1859, na mwaka 1875 alitembelea London. Yale aliyoyaona huko ameyarudisha. Lakini, na hapa ndo nafurahi, jumba hilo hilo la kisasa liliunganishwa na majumba ya jirani kwa daraja za kufunikwa ili wanawake wapite juu. Wikio! Kabadilisha uso wote wa nyumba, mazoea ya ndani hakubadilisha.

Jengo jirani, Beit al-Hukm, lilipigwa mizinga na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, ile vita iliyoisha chini ya saa 1, na lenyewe halipo tena. Beit al-Ajaib ikabaki, ikaja kuwa ofisi za serikali ya Kiingereza, baada ya Mapinduzi ya 1964 ikawa shule ya chama, baadae makumbusho. Kwahiyo ukisema tuirudishe kama ilivyokuwa, nakuuliza, ilivyokuwa lini?

Na hapa kuna la ufundi ambalo wengi hawalijui, linaua nyumba nyingi kuliko mvua. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, unyevu unaingia unatoka. Chokaa ni kama shati la pamba. Mtu mwenye nia nzuri anaona ukuta unamomonyoka anaupiga saruji, na saruji ni koti la mvua, jasho linabaki ndani. Unyevu na chumvi vinakosa pa kutokea, ukuta unaoza kwa ndani, ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza nazo, na kwa nje panaonekana safi kabisa mpaka siku dari inashuka. Ukiona nyumba ya kale imepigwa saruji mpya inang'aa, usishangilie haraka.

Miaka michache nyuma niliingia nyumba moja Mji Mkongwe, sio ya mtu maarufu, moja ya zile ambazo wenyewe waliondoka baada ya 1964 na zikagawiwa familia nyingi. Chumba kimoja kirefu kimekatwa kwa mbao mara 3, milango 3, kufuli 3. Bibi mmoja alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia shikamoo bibi, akaitikia marahaba mwanangu, karibu, na tukaongea. Nikaona kwenye boriti kuna kulabu ya chuma nikamuuliza ya nini. Akasema walipohamia waliikuta, wakaambiwa ilikuwa ya taa kubwa ya vioo ya wenyewe wa zamani. Taa yenyewe hawakuiona. Yeye akaifungia bembea ya watoto wake, wote 5 walilelewa pale pale, na sasa hivi imeshikilia chandarua chake. Akaniambia mafundi wamekuja juzi wamesema ile boriti imeliwa na mchwa, itatolewa. "Nimewambia wakitoa waniachie hiyo kulabu," akasema, akarudi kwenye mchele wake.